Kovu la Kambale Lilikuwa Kushoto

Juzi, baada ya misa ya pili, nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Mabanga nikichagua maharagi. Mjukuu wangu Neema alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, anatazama filamu kwenye simu. Ni moja ya zile filamu za vipande, za watu wanaosafiri kati ya nyota, ambazo kila ukidhani zimekwisha zinaanza tena. Binamu yake Espe alikuwa anachungulia juu ya bega lake. Simu ilikuwa inachajiwa na kutazamwa kwa wakati mmoja tangu asubuhi, imepata moto, na harufu ya vumbi na plastiki ya moto ikanifikia pale nilipokaa.

Neema akaketi ghafla, akaniita mimi bibi yake. "Koko! Huyu mama alikufa! Walimuzika, nililia hata mimi, na leo anakunywa chai!"

"Wacha kelele," Espe akamjibu. "Ni filamu tu."

Mkono wangu ukasimama ndani ya ungo. Harufu ile na maneno yale yalikuwa hayajanijia pamoja tangu nilipokuwa na miaka kumi. Mara ile ya kwanza nilikataa kunyamaza, na jina langu likafutwa kwenye orodha ya komunyo ya kwanza.

Nyinyi mliokulia Goma pamoja nami mnakumbuka jinsi televizio zilivyokuwa chache. Upande wetu ilikuwako moja, ya Furere, mtawa mzungu mpole aliyefundisha useremala kwenye parokia. Ndugu zake wa Ulaya walimtumia televizio, mashine ya kaseti, na katoni nzima ya kaseti za filamu moja ndefu, ya chombo kinachozunguka kwenye nyota. Kila Jumapili saa nane tulijazana ndani ya sale, ukumbi wa parokia, ile iliyojengwa kwa mawe meusi ya mlima. Wakubwa walikaa kwenye mabenchi, sisi watoto chini, mbele kabisa. Nje mtu alivuta kamba ya grupu, mashine ya umeme, ikakohoa, ikanguruma, na televizio ikawaka. Dakika za kwanza hakukuwa na picha ya kueleweka. Kulikuwa na harufu: vumbi la mawe yetu likiungua polepole nyuma ya kioo. Harufu hiyo ndiyo ilikuwa kengele yetu. Ikifika, hata watoto wachanga walinyamaza.

Filamu ilikuwa ya Kifaransa, Kifaransa cha kukimbia, na wengi ndani ya sale hatukukiweza. Kwa hiyo tulikuwa na Mwalimu. Mwalimu alikuwa katekista wetu. Alikuwa amesoma seminari ndogo miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani kuoa, na Kifaransa alibaki nacho. Alisimama kando ya televizio na fimbo ya mwanzi mkononi, anasikiliza sentensi mbili tatu, kisha anatugeuzia kwa Kiswahili, na kila mtu alimpa sauti yake: nene ya kapiteni, nyembamba ya mama daktari, ya kukatakata ya mtu wa chuma. Majina yao ya kizungu yalikuwa yanamchekesha hata yeye mwenyewe, basi akayatupa na kuwapa ya kwetu. Kapiteni, kwa kuwa ndiye mkubwa, akawa Paluku. Wa pili wake, fundi wa mashine, akawa Kambale. Mama daktari akawa Masika.

Kwetu sisi Wanande, majina hayo hayachaguliwi kwa kupenda. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, msichana wa kwanza ni Masika. Mtoto anazaliwa anakuta jina limeshamngoja, kama kiti. Mwalimu alipowaita vile wale watu wa nyota, sale nzima iliwaelewa papo hapo. Ni watu wa nyumba moja. Mimi nilikwenda mbali zaidi. Niliamini kwamba walikuwa ndugu zetu kweli, wa upande fulani wa Butembo ambao Baba alikuwa bado hajanipeleka. Na kwa kuwa mlima wetu wa moto unapaka wingu rangi nyekundu giza likiingia, niliamini kwamba chombo chao kinatua pale juu kuchukua moto wa mashine.

Aliyenifundisha kutazama ni kaka yangu, Kambale wa kwetu. Alinizidi miaka mitatu. Alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto, kwa sababu siku moja alianguka na bidon ya maji akipanda kutoka ziwani, na mawe ya Goma hayana huruma na uso wa mtu. Fundi Kambale wa chombo naye alikuwa na kovu, juu ya nyusi ya kushoto. Jumapili ya kwanza tulipoliona, kaka yangu alinipiga kiwiko mpaka nikaumia.

"Umeona? Ni mimi yule."

Ni yeye pia aliyegundua kwamba filamu ile ilikuwa na makosa. Kapiteni Paluku ana kikombe mezani, kimejaa. Anageuka kusema na Masika. Kikombe kiko nusu. Anageuka tena, kimejaa, na hakuna aliyemimina. Masika anatoka chumba kimoja nywele zimefungwa, anaingia cha pili zimeachiliwa, na kati ya vyumba hivyo kuna mlango tu. Ukuta uliotobolewa Jumapili iliyopita leo ni mzima, na hakuna fundi aliyeshukuriwa. "Nimeshika!" kaka yangu alikuwa ananong'ona, na mimi nakasirika kwa sababu na mimi nilikuwa natazama kulekule na sikuona kitu.

Akatoa kaye yake ya zamani, daftari la shule, iliyokuwa na kurasa nyeupe nyuma, tukaanza kuandika. Mwandiko wake ulilala kama mtu anayekimbia, wangu ulisimama kwa herufi kubwa. Ukurasa wa kwanza aliuweka kwa kazi maalumu: kuandika kila mtu alivyokuwa tulipomwona mara ya kwanza, ili akibadilika tujue. Mistari yake naikumbuka mpaka leo. Paluku: pete mkono wa kuume. Masika: alama nyeusi shingoni. Kambale: kovu kushoto, kama yangu. Aliyeshika makosa machache Jumapili alibeba bidon mbili Jumatatu. Nilibeba bidon mbili karibu mwaka mzima.

Siku moja tulipokuwa tunapanda na maji nilimwuliza, "Wanatudanganya?"

"Hapana, wanasahau," akasema. "Mutu akisahau munamukumbusha. Si njo vile Mama anakufanyaka na weye kila asubuhi juu ya viatu?"

Ikafika Jumapili ambayo fundi Kambale alikufa. Mashine ya chombo ilishika moto, akajifungia ndani peke yake ili wengine wapone, na mkono wake tuliuona ukiungua kwenye kioo cha mlango. Wakamlaza ndani ya sanduku linaloonyesha ndani, wakamwachilia kati ya nyota. Mwalimu alianza kufasiri maneno ya kapiteni, sauti ikamkatikia. Basi mama mmoja kwenye benchi la nyuma akaanzisha wimbo wa mazishi, sale nzima ikapokea, mabenchi kwa watoto, na grupu nje inanguruma kama besi. Tulimzika vizuri fundi yule. Kaka yangu hakuimba. Alikuwa ameniegemea, na bega lake lilikuwa la moto.

"Andika," akaniambia. "Kambale amekufa."

Nikaandika. Homa ikamchukua kaka yangu ndani ya siku tisa.

Sitasema mengi juu ya kilio. Nasema tu kwamba baada yake, wageni wakimwuliza Mama ana watoto wangapi, alikuwa anajibu "sita," kisha anasema "tano." Kila mara namba zote mbili. Nilikuwa nasimama kando nikingoja ile ya pili kama mtu anayengoja kofi.

Mwezi ulipopita aliniruhusu kurudi sale. Harufu ilikuwa ileile. Nilikaa mahali petu, kaye kwenye mapaja. Picha ikatulia, na pale mezani, ndani ya chombo, alikuwa amekaa fundi Kambale. Anakula mkate. Anacheka. Paluku anampigapiga mgongoni. Hakuna aliyeangusha kijiko.

Sikufikiri. Nilisimama nikakimbia, nikapita kati ya miguu ya watu, nikatoka, nikakanyaga mawe pekupeku mpaka nyumbani. Niliingia moja kwa moja chumba chetu. Mkeka wake ulikuwa umekunjwa, umesimamishwa kwenye kona kama tulivyouacha. Nikaukunjua. Nikautazama ukiwa umelala pale chini.

"Kahindo, unatafuta nini?" Mama aliniuliza kutoka jikoni.

"Hapana kitu, Mama."

Nikaukunja tena, nikausimamisha mahali pake, nikarudi sale. Nimezeeka, nimezika wengi, na bado naona kwamba njia ile ya kurudi ndiyo ndefu kuliko zote nilizopita.

Niliporudi nilitazama kwa macho niliyofundishwa. Mkono ulioungua ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga. Na kovu lilikuwa kuume. Nikasimama.

"Huyu si Kambale! Kambale alikufa!"

"Kaa chini, mutoto!" watu wakasema. "Tunataka kuona!" Na sauti moja ya kijana kutoka nyuma: "Weye, ni filamu tu!"

Mwalimu akagonga fimbo sakafuni. Hakukasirika. Alitabasamu, kwa sababu jibu alikuwa nalo, na lilikuwa jibu ambalo mtu yeyote wa kwetu angelitoa.

"Kahindo, huyu ni Kambale mwingine. Kwani Kambale ni mumoja dunia nzima? Ba Kambale wote muliomo humu, inueni mikono!"

Mikono ikainuka, kumi na mitano, ishirini, ya wazee na ya watoto. Sale ikacheka. Hata mimi mtu angeniuliza siku nyingine ningecheka.

"Umeona?" akasema Mwalimu. "Kwenu peke yenu muko na ba Kambale wangapi?"

"Tulikuwa na mumoja," nikasema.

Kicheko kikakatika. Mikono ikashuka. Pale ndipo ningekaa, na watu wangenihurumia, na habari ingeisha. Lakini hasira ilikuwa imeshika njia.

"Na kovu yake ilikuwa kushoto! Huyu iko kuume! Wanamukalisha kwenye kiti ya mufu na hakuna mutu anashangaa! Na weye Mwalimu unaona, na unafasiri tu!"

Ni sentensi ile ya mwisho iliyoniponza.

Jumatano kwenye katekismo Mwalimu aliniambia nisimame. Nataka mjue kwamba hakuwa mtu mbaya. Sala ninazosali kila asubuhi ni yeye aliyenifundisha, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Alikuwa mtu aliyesimama mbele ya watu kila siku bila mshahara, na kitu alichokuwa nacho ni kusadikiwa.

"Ulisema mbele ya watu kwamba nadanganya," akasema. "Utasema mbele ya wenzako: Nilikosa, niliona vibaya. Nyuma ya pale tutaendelea na somo."

"Nilikosa kupiga kelele, Mwalimu. Munisamehe."

"Na kuona?"

"Kuona niliona vizuri."

Wenzangu wakaguna. Mwalimu akafunga kitabu, kidole kimebaki ndani.

"Tuko na Tomaso humu ndani. Bwana alimwambia nini Tomaso?"

"Heri wenye kuamini bila kuona."

"Basi?"

"Lakini alimuonyesha kwanza, Mwalimu."

"Alimuonyesha nini?"

"Makovu. Yalikuwa palepale."

Nilisema vile kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimefikiri usiku mzima uliopita, na nilidhani atafurahi kwamba nimejifunza somo lake. Mtoto mmoja akacheka kwa woga. Mwalimu akasema taratibu, "Toka inje. Jina lako nalitoa kwenye orodha mupaka siku utakubali kusema maneno yale."

Komunyo ilikuwa siku ya Pentekoste, na yalikuwa yamebaki majuma matatu. Nguo yangu nyeupe ilikuwa tayari, imeshonwa na fundi wa jirani, imetundikwa kwenye msumari katika chumba kilekile chenye mkeka uliokunjwa. Mama alipoileta kutoka kwa fundi, alinivisha, akanizungusha, akacheka. Tangu kilio nilikuwa sijamsikia akicheka. Niliposema jina langu limefutwa, alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyekatwa miguu.

"Sema tu, mwanangu. Ni maneno mawili. Niliona vibaya. Ni mambo ya filamu, hata Mungu hatayashika."

"Siwezi, Mama."

"Juu ya nini?"

"Nikisema vile, kovu itahama."

"Kovu gani?"

Nikamletea kaye. Mama alisoma kidogo shuleni, alisoma kwa kufuata kidole. Kidole kikapita pete ya Paluku, kikapita shingo ya Masika, kikafika mstari wa tatu. Kambale: kovu kushoto, kama yangu. Kikasimama pale. Mwandiko ule aliujua. Ni yeye aliyekuwa anamgombeza mwenye mwandiko ule aandike taratibu.

"Wote wanasema Kambale ni yeyote," nikamwambia. "Mumoja akitoka, mwingine anakaa. Mwalimu aliinulisha watu mikono."

Mama alifunga kitenge kizuri, kile cha kwenda misa, akaweka kaye kwapani, akaniambia nimfuate. Baba alikuwa safarini na biashara zake upande wa Beni, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwuliza, na hata angekuwako sidhani Mama angeuliza.

Tulimkuta Mwalimu nyuma ya nyumba yake anawapa sungura majani.

"Jambo, Mwalimu."

"Jambo, Mama Paluku," akajibu, akimwita kwa jina la kaka yetu mkubwa. "Karibu. Najua kilichowaleta. Ni maneno tu, atayasema, tutayamaliza."

"Hatayasema," Mama akajibu.

Mwalimu akaweka majani chini.

"Njo vile nilimwambia na mimi, kwamba ni maneno tu," Mama akaendelea. "Sasa musome hapa."

Akasoma. Kaka yangu alikuwa mwanafunzi wake miaka mitatu. Aliujua mwandiko ule kama Mama alivyoujua. Sungura walikuwa wanatafuna.

"Huyu ni Kambale wangu," Mama akasema. "Si ba Kambale wote wa dunia."

"Naelewa, Mama Paluku. Pole tena. Lakini na nyinyi munielewe. Mutoto akisimama kunisahihisha mbele ya parokia, kesho nitafundisha nani? Heshima itatoka wapi?"

"Heshima atawapa. Kelele ameombea musamaha, na akirudia nitamuchapa mwenyewe. Lakini macho hapana. Macho aliachiwa na kaka yake."

"Basi siku ya Pentekoste..."

"Nguo itangojea," Mama akasema, akachukua kaye, tukaenda.

Siku ya Pentekoste majina yalisomwa, na la kwangu halikusomwa. Nilikaa kwenye benchi karibu na Mama, na wenzangu wakapita katikati ya kanisa na nguo zao nyeupe na mishumaa yao. Nje, baada ya misa, wasichana wawili wa darasa langu waliniimbia: "Tomaso, Tomaso, nguo yako imevaliwa na musumari!" Sitawadanganya kwamba nilijisikia shujaa. Nililia mpaka kamasi. Mama alinifuta kwa kitenge chake kizuri na hakusema "ungelisema tu." Mpaka anakufa hakulisema neno hilo hata mara moja, na kwa hilo namwombea kila siku.

Sale tuliendelea kwenda. Mwalimu aliendelea kufasiri, mimi niliendelea kuandika, na hatukutazamana. Mvua zikapita, mahindi ya Kibumba yakaanza kuuzwa barabarani, na Jumapili moja kapiteni Paluku akainua mkono kuapa mbele ya wakubwa wake. Mkono wa kuume. Vidole vitupu. Kisha akashika usukani kwa mkono wa kushoto, na pete iko huko.

Mwalimu alifungua mdomo kufasiri kiapo. Akaufunga. Akatazama kioo, akatutazama sisi chini, na aliposema haikuwa sauti ya kapiteni wala ya mtu wa chuma. Ilikuwa yake.

"Hapa wamekosea," akasema. "Pete ilikuwa kuume. Kahindo, kaye iko?"

"Iko, Mwalimu."

"Andika."

Watu wakacheka, na kicheko kile hakikuwa cha kunicheka. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Kitu kikihama, kikombe kikijijaza, mfu akirudi, wazee kwenye mabenchi ndio waliokuwa wa kwanza kupiga kelele, "Kahindo, andika!" Na filamu haikuharibika. Tuliipenda zaidi, kwa sababu sasa ilikuwa na watu wa kuilinda.

Mwaka uliofuata jina langu lilisomwa. Hakuna aliyenidai maneno yoyote. Nilikuwa nimerefuka, Mama alifumua pindo lote la nguo na bado halikutosha, akaongeza kipande cha kitambaa kingine cheupe, lakini weupe wa duka moja si weupe wa duka lingine. Kila aliyetazama miguu yangu aliuona mwaka niliongojea. Niliipenda alama ile kuliko nguo yenyewe.

Kaye ile sina tena. Lava iliposhuka mjini ilipita juu ya nyumba ya wazazi wangu, na sasa kaye imelala chini ya jiwe lenye kimo cha mtu, na juu ya jiwe kuna nyumba za watu wengine. Wajukuu wangu wamenieleza kwamba watu wa filamu wanapiga picha za mwisho kabla ya za kwanza, leo hiki kesho kile, na ndiyo sababu vitu vinahama. Nimeelewa, na nimewasamehe. Ni watu, wanasahau, kama alivyosema kaka yangu.

Lakini mji huu umenipa wasimulizi wengine, ambao hawasahau kwa bahati mbaya. Nimeishi chini ya watawala wengi. Kila anayefika anaianza hadithi upya. Ukuta uliotobolewa unatangazwa kuwa mzima. Waliokufa jana leo hawakuwahi kuwako. Mimi ni mtu wa subira, nashukuru kwa uji wa asubuhi na kwa goti linaloniwezesha kupiga magoti. Sigombani na mtu barabarani. Baada ya zile siku mbaya za bunduki, tulipokuwa tumekwisha kuzika watu wa avenyi yetu, mtaa huu huu, mtu mmoja msafi, mwenye heshima, alipita na karatasi ili wazee tuitie sahihi. Iliandikwa kwamba kwetu kulikuwa shwari, hakuna aliyeguswa.

"Mama, ni karatasi tu," akaniambia, akanipa kalamu.

Nilivaa miwani, nikaisoma yote, mistari yote, kwa kidole. Nikamkaribisha kiti. Nikamwambia, "Papa, kama kuna mahali nilikosa heshima unisamehe. Lakini kuona niliona vizuri." Kisha nikamtajia, mmoja mmoja, jina na nyumba, na nguo aliyokuwa amevaa siku ile. Alisikiliza majina manne, akachukua karatasi yake, akaenda. Nikasali rozari mbili. Akirudi, nitaanza na jina la tano.

Watu wanadhani imani ni kukubali kila unachoelezwa. Si hiyo niliyofundishwa. Bwana alipofufuka angeweza kurudi na mwili usio na alama, wala hakuna ambaye angemlaumu. Akarudi na makovu yake palepale alipoyapata, akamwambia rafiki yake aguse. Mungu wangu anajua kovu la kila mtu liko upande gani. Na siku nitakayokutana na kaka yangu, kabla ya kumkumbatia, nitatazama nyusi ya kushoto. Ndivyo alivyonifundisha, atanisamehe.

Neema alikuwa bado ananitazama kutoka kwenye mkeka, simu mkononi, filamu imesimamishwa.

"Koko, ninyamaze?"

"Hapana. Ingia ndani, juu ya kabati kuna kaye mupya. Ilete na bike ya kuandikia."

"Hata weye, Koko?" Espe akacheka. "Si ni filamu?"

"Ni filamu, ndiyo. Na mama huyu alikufa. Rudisha nyuma kidogo, tuone alizikwa na nguo ya rangi gani."

Wakarudisha. Vichwa vyao viwili vikagusana juu ya kioo kidogo, na baada ya muda ni Espe aliyepiga kelele, si Neema: "Ee! Na hereni! Hereni haziko!"

Neema akafungua kaye, akailaza kwa kiganja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweupe kabisa.

"Hapa naandika nini kwanza, Koko? Hereni ao chai?"

"Ukurasa wa kwanza si wa makosa," nikamwambia. "Andika: Kambale, kovu kushoto."